Mgeni wa Sikukuu Yuko Nangurukuru, Chumba Kiko Wapi?

Naandika kutoka Kilwa Masoko, mji wa upepo na pweza. Shule zikishafungwa tu mwezi wa Desemba, huku kwetu simu hazilali. Kila nyumba ina mtoto wake Dar es Salaam, na kila mtoto wa Dar es Salaam ikifika Desemba anakumbuka kwamba na yeye ana kwao. Simu yenyewe haina salamu ndefu: "Mama, tumeshapita Somanga, tupo sita." Mama anajibu karibuni wanangu, anakata simu, halafu anageuka taratibu kuitazama nyumba yake. Sita! Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Mapokezi ya watu wa pwani yanasifika, hilo halina ubishi. Kuku atakamatwa, nazi zipo, pweza atapigwa mpaka alainike, na kama mfukoni pamekauka mwenye duka atakopesha. Tatizo letu si chakula jamani, tatizo ni pa kulala. Mgeni anakula mara tatu tu kwa siku, lakini usiku ni mrefu, na hayo yaliyomkuta usiku ndiyo anayokwenda kuyasimulia Kariakoo.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mtu wa kuja kusini kwa basi alikuwa anasubiri kivuko cha Ndundu, na mvua zikichachamaa barabara ilikuwa tope tupu, kulala njiani lilikuwa jambo la kawaida. Mgeni aliyepata taabu hiyo haji kukaa siku mbili. Alikuja na mwezi wake mzima, akalala ukumbini kwenye mkeka pamoja na wenyeji, akazoea mbu, akazoea maji ya kisima yenye chumvi, na siku ya tatu kweli akapewa jembe kama wahenga walivyoagiza. Siku hizi daraja lipo, karibu kilometa nzima, lami ipo, mtu anatoka Mbagala asubuhi na mchana yuko Masoko anauliza soketi iko wapi achaji simu. Anaondoka kabla hata ya hiyo siku ya jembe! Ana usiku mbili tatu tu za kuijua nyumba yako, na chumba kikiwa kibovu hana muda wa kukizoea. (Isipokuwa kama mwezi Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya vilipoikata barabara. Hapo mgeni wa siku mbili aligeuka mkazi, na jembe alilishika.)

Na Kilwa ina jina la kulinda, msione hivi. Mwaka 1331 alifika hapa yule msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, akamkuta sultani Hassan bin Suleiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimpa jina la Abul Mawahib, yaani baba wa zawadi. Katika habari zake anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipokuwa anatoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Zile zile za mwilini! Sultani akaingia nyumba ya hatibu, akabadili, akampa. Baadaye mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Habari ya kugawa binadamu kama kuku hatuwezi kuisifu, lakini mnaelewa jina la mji lilivyotoka. Alipokufa akatawala ndugu yake, Daud. Huyo ukimwendea na shida anakujibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu. Wasomaji, kila mtaa una Hassan wake na Daud wake, nyie wenyewe mnawajua.

Huyo Hassan ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, lile jumba ambalo magofu yake yapo Kisiwani mpaka leo, vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Mwenye vyumba mia mgeni hamtishi. Kazi tunayo sisi wa vyumba vitatu.

Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili kama zenu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba, halafu uani kuna jiko, bafu na choo. Chumba kimoja cha mama. Kimoja cha wadogo zangu wawili wa kike, na mimi nikiwepo nabanana nao humo humo. Cha tatu kina magunia, nyavu mbovu za marehemu baba, baiskeli isiyo na gurudumu na vitu vingine ambavyo hakuna anayejua ni vya nani, ila ukitaka kuvitupa wenyewe wanajitokeza.

Desemba 2021 kaka yangu mkubwa alikuja na mkewe na watoto wawili. Wifi yangu ni mtu wa Bara, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza analala pwani. Wakapewa chumba cha wasichana. Wakalala usiku mmoja. Asubuhi watoto wametapakaa mabaka usoni, wifi macho mekundu kama kachomwa na moshi, na kabla ya saa sita mchana kaka kaita bajaji, wamehamia gesti. Wakawa wanakuja kula mchana kwetu, jioni wanarudi kulala kwa kulipia.

Kwa mtu wa Sinza hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mama yangu ilikuwa sawa na kuvuliwa kanga sokoni. Mwanawe, wa tumbo lake, analala gesti na mama yake yuko hai mtaa wa pili! Majirani wakawa wanakuja kuuliza kwa upole ule unaouma: "Wageni wako hawajambo? Mbona hatuwaoni asubuhi?" Mama hakumlaumu mtu. Alifua zile shuka, akazianika, akazianua, akazifua tena. Miaka miwili iliyofuata kaka alikuja peke yake, analala siku moja anaondoka, na wajukuu mama akawa anawaona kwenye simu tu, wanampungia mkono.

Kwa hiyo Novemba 2024 kaka alipopiga simu kwamba safari hii wanakuja wote, Krismasi wataifanyia Kilwa, mama alifungua fundo la kanga akanihesabia shilingi 95,000 za korosho zake. Akasema maneno manne tu: "Safari hii walale hapa." Sasa wenzangu na mie mnaopenda magazeti yenye picha za vyumba vya wageni vya Ulaya, maua mezani, taulo limekunjwa kama bata, hebu niambieni 95,000 inafanya nini. Mimi nawaambia inafanya mengi, ila ianze pale mgeni anapoumia.

Tulianza na kukitoa chumba chote nje. Chote! Watu wengi wanafanya kosa la kuanza na pazia jipya, wanapamba juu ya uchafu. Kitanda cha wasichana ni cha kamba, cha zamani, matendegu yake yamechongwa vizuri kuliko vitanda vinavyouzwa leo, lakini kamba zilikuwa zimelegea, mtu akilala katikati anakuwa kama yuko kwenye ngalawa. Na kwenye maungio ndimo wanamokaa waheshimiwa kunguni. Tukazikata kamba zote tukazichoma, mti tukaumwagia maji yanayochemka, tena kwenye kila tundu, kisha ukashinda juani siku mbili, na maji ya moto tena. Mara moja haitoshi, mayai yanabaki. Mzee mmoja wa mtaani akatuwambia upya kwa kamba za usumba, na hapo ndipo ilipokwenda elfu kumi na tano ya kwanza. Ukimwona mzee anavyovuta kamba kwa mguu utajua kwa nini vijana hawaitaki hiyo kazi.

Magodoro na mito vikatoka juani pia. Kama mito yenu ni ya sufi, basi msiianike tu, ipigeni kwa fimbo na muifikiche kwa mikono, maana sufi ikikaa muda inashikana mabonge, na mgeni anaamka shingo imepinda anasingizia basi.

Halafu chokaa. Rangi ya dukani ni ghali na kwenye kuta zetu za mawe ya matumbawe na udongo haidumu, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Chokaa ni mali ya pwani tangu enzi za hao masultani. Unailoweka, unaichuja, wazee wanatia chumvi kidogo ili isiache vumbi kwenye nguo za mtu anayeegemea ukuta, unapaka mikono miwili. Chumba kinakuwa cheupe, kinang'aa hata kwa balbu ndogo, na ile harufu ya uvundo inakwisha. Jifungeni kitambaa na mkae mbali na macho, chokaa inachoma.

Sasa joto. Hapa wenyeji tunajisahau, maana sisi tumeshazoea. Desemba ni kaskazi, jua kali, na chumba cha bati kisicho na dari usiku kinatoa joto lote kilichokula mchana. Feni tulikuwa hatuna na pesa ya feni haikuwepo. Tulichofanya ni kununua viroba vya salfeti vilivyokwisha tumika, tukavifua, mama na mashine yake ya cherehani akaviunga, tukavitandaza chini ya bati vikawa dari. Haizuii joto lote, lakini tofauti unaiona, na mijusi haimwangukii mtu usingizini. Dirisha nalo miaka yote lilikuwa linafungwa jioni kwa kuogopa mbu, ndiyo maana wifi alikaribia kuiva mwaka ule. Tukapigilia wavu kwenye fremu nzima, misumari karibu karibu, pazia zito tukalitupa, tukaweka kanga nyepesi. Dirisha sasa linalala wazi na upepo wa bahari unaingia bure. Upepo wa Masoko, wajameni, watu wanapanda ndege kuutafuta.

Juu ya chandarua sina utani. Huku kwetu malaria ipo na haichagui mgeni, tena mtoto aliyekulia mahali pasipo na malaria nyingi ndiye inayemwangusha haraka. Mwaka 2013 ulipoanza ule mpango wa kugawa vyandarua kupitia shuleni, mikoa ya kwanza ilikuwa hii yetu ya kusini: Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kwa hiyo vyandarua tulipata. Swali ni vimekwenda wapi! Kimoja kinavulia uduvi, kimoja kinafunika mchicha, kingine kimezungushiwa vifaranga. Kilichobaki kitandani kina tundu ambalo paka anapita bila kuinama. Kingia ndani mchana, mtu mwingine amulike na tochi kwa nje, mtayaona matundu yote, myashone. Kikiwa kipya cha dawa, kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa, na kikifuliwa ni kwa sabuni ya kawaida na kukauka kivulini pia, jua linaua dawa. Na kiwe kikubwa cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Cha wifi mwaka 2021 kilikuwa kinaning'inia juu ya magoti, kilikuwa pambo tu.

Vitu vidogo vilivyobaki havikutugharimu sana ila ndivyo vinavyomwondolea mgeni aibu. Ekstensheni moja ya umeme, maana familia ya watu wanne wa mjini ina simu nne. Kamba au misumari ya kutundika nguo, ili mtu asiishi siku tano ndani ya begi. Kandambili mbili mlangoni, ndoo na kopo lao la kuogea, na tochi. Tochi ni muhimu! Choo kiko uani, na mgeni asiyejua njia atabana mpaka alfajiri badala ya kukuamsha. Usiku wa kwanza mpeleke mwenyewe umwonyeshe, usisubiri akuulize.

Harufu nayo ina mambo yake. Mama alifukiza udi jioni, shuka akazitandaza juu ya tenga na chetezo chini yake, chumba kikanukia mpaka barazani. Asmini juu ya mto alitaka kuweka, nikamwambia mama hao wanalala na watoto, asmini ya nini? Akacheka. Ila kuna jambo moja nalisema bila kucheka: chetezo, jiko la mkaa au dawa ya mbu ya kuchoma visiachwe ndani na watu wamelala na mlango umefungwa. Fukiza, fungua, toa nje. Moshi wa mkaa unaua mtu kimya kimya, na chandarua kinashika moto upesi kuliko unavyodhani.

Lililotuchukua muda kuliko yote halikuwa la kununua. Ukutani mle ndani kuna picha ya Makka, ipo tangu marehemu baba. Shangazi akasema itolewe, mkwe ni Mkristo, atajisikiaje? Jirani akasema ikitolewa tutakuwa tumeiuza dini kwa ajili ya mgeni. Ikawa mjadala wa siku mbili barazani, kila apitaye anachangia. Mama akawasikiliza wote, halafu akamtuma mdogo wangu akaulize kanisani misa ya Krismasi inaanza saa ngapi. Alivyorudi na jibu, mama akaliandika kwenye karatasi, akaliweka juu ya kimeza karibu na kitanda. Picha ikabaki palepale ilipo. Mimi naona alimaliza.

Na wasichana wetu? Hapa ndipo ninapogombana na wenyeji wengi. Karibu kila nyumba ya huku, chumba cha mgeni ni chumba cha watoto wa kike, wanaambiwa tu "pisheni", vitabu vyao vinasukumwa uvunguni, wao wanatupwa ukumbini kwenye mkeka bila chandarua, na kazi zote za mgeni, kuchota, kufua, kupika, ni zao hao hao. Mdogo wangu wa kidato cha tatu aliniuliza, "Dada, hivi mimi nitakuwa mgeni lini?" Sikuwa na jibu. Tulichofanya, nguo na madaftari yao tukayafungia kwenye sanduku, ufunguo akavaa yeye shingoni. Wakahamia kwa mama, wakatundikiwa chandarua chao, na kaka akaambiwa kwa simu kabla hajatoka Dar kwamba analala kwenye chumba cha nani. Mgeni akijua kitanda ni cha mtu, anakilalia kwa adabu.

Haya, na wewe uliyepanga chumba kimoja Lindi mjini, au huko huko Temeke, mama mdogo anakuja kutibiwa na sikukuu imo humo humo, unafanyaje? Usimlaze kwenye kochi usijifanye mjini hakuna nafasi. Kitanda ni chake. Kama wewe ni mwanaume, beba shuka ukalale kwa mshikaji, umwachie ufunguo. Kama ni dada, tandika chini, pazia au kanga mbili zifungwe kwenye kamba katikati, kila mtu abadili nguo kwa staha. Na mwenye nyumba umweleze mapema, maana mita ya umeme mnashirikiana, kesho asije akamnunia mgeni wako koridoni. Toa elfu mbili tatu za ziada ya umeme mwenyewe kabla hujadaiwa.

Wageni wetu walishuka Jumamosi jioni. Wifi aliingia chumbani, akashika wavu wa dirisha kwa kidole, akatazama juu kwenye dari ya viroba, akaona ile karatasi ya misa. Hakusema kitu, akakaa kitandani akavua viatu. Mama alikuwa amesimama ukumbini anajifanya anapanga vikombe. Walisema wanakaa siku tatu, wakakaa tisa. Siku ya nne wifi alikuwa uani anakuna nazi, anaikuna vibaya, inaruka kila upande, na mama anamtazama hasemi. Siku ya sita tukachukua kibali tukavuka wote Kisiwani, watoto wakazunguka magofu ya Husuni wakihesabu vyumba mpaka wakachoka.

Wakati wa kuondoka mama aliwafungia korosho kilo tatu na pweza mkavu kwenye gazeti. Wifi akaacha shuka zake mbili za maua alizokuja nazo kwa tahadhari, akasema ni za wasichana. Basi lilipoondoka tu, mdogo wangu alivua ufunguo shingoni akafungua sanduku, akarudisha madaftari yake mezani. Kile kimeza cha mgeni kakikataa kisitoke, ndicho anachosomea sasa.